Pampu ya mafuta ya CNC inalia ila reli kavu, msaada wakuu

fundi_kabati
Habari za kazi wakuu. Nina CNC ya mbao (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta), ile ya meza milimita 1300 kwa 2500, naikatia MDF (mbao za unga wa mbao uliogandishwa) za makabati ya jikoni hapa Keko. Pembeni ina pampu ndogo ya kujilainisha yenyewe, taimu nimeseti sekunde 10 kila dakika 30. Sasa pampu naisikia kabisa inalia, alamu hakuna, lakini juzi nimepitisha kidole kwenye reli ya kushoto kimetoka na vumbi la kahawia tu, utelezi hakuna, na Z (ile sehemu inayopanda na kushuka na kikatio) ikipanda inakwaruza mpaka nje unasikia. Tangi nililijaza wiki 3 zilizopita na mafuta hayajashuka hata kidogo. Kijana wangu anasema tununue pampu nyingine, mi naona tunakimbilia. Nianzie wapi?

mzee_wa_spindo
Pole mkuu. Kwanza simamisha kazi, futa reli kwa kitambaa safi, paka mafuta kwa mkono na uisogeze mashine polepole mwanzo mwisho mara kadhaa, maana zile beringi za kwenye reli zikishakula vumbi bila mafuta ndo basi tena, unabadilisha. Alamu usiitegemee, pampu nyingi za hivi inasoma floti tu (boya la ndani ya tangi) kwamba tangini mafuta yamo, haijui kama yamefika kwenye reli. Geji ya presha inapanda mpaka ngapi ukibonyeza kitufe cha mkono? Na umeweka mafuta gani?

fundi_kabati
Geji inachezacheza kwenye 2, haitulii. Mafuta yalikuwa namba 68 (kipimo cha uzito wa mafuta), ila kuna siku yaliisha tukaongezea oili ya gari 20W-50.

mama_mbao_Msa
Hapo umeshajijibu nusu kaka. Geji ingepanda juu na mafuta hayatoki ningesema kuna mpira wa kupitisha mafuta umeziba, ila ikiwa chini hivyo inachezacheza basi pampu inavuta hewa au haivuti kitu. Toa pampu kwenye tangi, chini yake kuna kichujio kidogo, kiangalie. Hiyo 20W-50 imwage yote, ni nzito zaidi ya mara mbili ya 68 na vitundu vya vigawio, vile vinavyogawa mafuta kwenda kwenye reli, ni vyembamba mno. Na tafadhali usipulize vigawio kwa hewa ya kompresa, mle ndani mna vivalvu, nishaviua vinne hivyo hivyo. Ukishajaza, legeza nati ya mpira wa mbali kabisa, bonyeza mpaka yatoke mafuta bila mapovu ndo ukaze.

teknisheni_wa_zamu
Naongezea kidogo kwa mama. Kama vigawio vyako ni vile vya kutoa kipimo, kila presha inapopanda vinatoa tone moja basi, mpaka presha ishuke ndo vinajaza tena, kwa hiyo usikae umebonyeza kitufe dakika tano. Bonyeza, achia, subiri geji irudi sifuri, rudia.

fundi_kabati
Wakuu Mungu awabariki. Kichujio nimekikuta kimevaa tope la MDF na oili kama uji wa ulezi, kifuniko cha tangi tulikuwa tunakiacha wazi. Nimeosha, nimeweka 68, geji sasa inafika 12 na Z imenyamaza kabisa. Ila reli ya kushoto bado kavu, kulia imeloa vizuri.

mzee_wa_spindo
Fuata mpira wa kushoto ndani ya ule mnyororo wa nyaya, pitisha vidole taratibu, hasa pale unapokunja.

fundi_kabati
Umepiga mulemule mzee. Kwenye kona ya mnyororo ulikuwa umebanwa na waya wa mota, umejikunja mpaka umepata alama nyeupe. Nimeweka mwingine wa milimita 4 nikaupitisha upande wa nje, bonyeza ya sita hivi tone likatokea kwenye reli. Tangi nimelibandika utepe, kila Jumatatu kijana anapiga mstari mafuta yalipofika.

mama_mbao_Msa
Alhamdulillah. Na hicho kifuniko msikiache tena wazi.