Familia yenye ekari mbili za mizabibu Hombolo: tusindike wenyewe au tuendelee kuuza zabibu shambani?

Chipukizi wa Hombolo anauliza:

Wanajukwaa, nawasalimu, na wakubwa zangu shikamooni. Sisi ni familia ya Hombolo, Dodoma, tuna ekari mbili za zabibu aina ya Makutupora nyekundu alizozipanda baba, na sasa tunazihudumia mama na sisi watoto watatu. Msimu uliopita mnunuzi alichelewa kuleta gari hadi vichala vikaanza kunyauka mtini, kisha akatukata bei kwa sababu ya kunyauka huko huko. Mama anataka tusindike wenyewe. Je, familia isiyo na chumba cha ubaridi inaweza kutengeneza mvinyo unaouzika, na tuanze na mavuno yapi, ya wakati wa mvua au ya kiangazi?

Mpogoleaji wa Mpunguzi anajibu:

Anzeni na ya kiangazi. Kwetu mzabibu haupati baridi kali ya kuulaza kama kule Ulaya, kwa hiyo mkasi ndio unaouamsha, na siku mnayopogolea ndiyo inayoamua mtavuna lini. Ndiyo maana Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, kati ya Februari na Aprili, na tena Agosti na Septemba. Zabibu za wakati wa mvua hujaa maji, sukari hushuka, na ubwiri, yaani ugonjwa wa ukungu, huingia katikati ya vichala vilivyobanana hata kama mmepulizia dawa. Zile za Agosti huivia kwenye jua kavu na usiku wa baridi, rangi ikakolea kiasi kwamba vidole vya mchumaji hubaki na zambarau hata baada ya sabuni. Pogoleeni nusu ya shamba kwanza na nusu nyingine wiki mbili baadaye, kwa sababu zabibu zote zikiiva pamoja, mapipa ya familia hayatazimudu.

Fundi wa Mapipa anajibu:

Ndugu yangu, inawezekana, ila joto ndilo litakalowapima. Uchachukaji wenyewe huzalisha joto, na pipa likikaribia nyuzi 35 chachu hulegea au kufa, sukari ikabaki, bakteria wakaingia, na mkaishia na siki. Chumeni alfajiri na msage kabla jua halijapanda. Tumieni mapipa madogo ya plastiki yanayoruhusiwa kwa chakula, kwa kuwa hupoa upesi kuliko tangi kubwa, myaweke kivulini na kuyafunika magunia yaliyoloweshwa maji. Maganda yataelea na kutengeneza tabaka zito juu. Lisukumeni chini asubuhi, mchana na jioni, maana likikauka huwaita inzi, nao huleta uchachu wa siki, na tena rangi yote ya mvinyo mwekundu imo humo kwenye maganda.

Nunueni refraktometa, kile kifaa cha kupimia sukari ya zabibu. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita huzaa takriban asilimia 1 ya kilevi, kwa hiyo msichume kwa kuonja tu. Kilo 100 za zabibu zitawapa kama lita 60 hadi 70. Uchachukaji ukiisha, jazeni chombo hadi shingoni, kwa sababu hewa inayobaki juu huharibu kazi yote.

Mama Ghala anajibu:

Ninakubaliana na waliotangulia kuhusu shamba na mapipa, lakini kuhusu chupa, mwanangu, msikimbilie. Ukifungasha unahitaji usajili, leseni ya vileo ya halmashauri, nembo ya ubora ya TBS, na stempu za kodi za TRA, mbali na gharama ya chupa na vizibo, ambayo huumiza kuliko wengi wanavyodhani. Uzeni kwanza mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo uliokwisha kuchachuka ambao haujafungashwa, kwa viwanda vinavyofungasha, baada ya kuwauliza TRA mchuzi huo unatozwaje. Mchuzi uliotulia vizuri unaweza kusubiri bei, lakini kichala kilichoiva hakisubiri. Kabla ya hapo nendeni kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora mkaombe ushauri wa wataalamu.

Chipukizi wa Hombolo anajibu:

Nawashukuru sana, na mama nimemsomea yote. Tutapogolea kwa awamu mbili, na sehemu ya mavuno ya Agosti tutaisindika kama mchuzi, iliyobaki tutaiuza kama kawaida ili ada za wadogo zangu zisikwame. Limebaki swali moja: maganda na mbegu tuvitupe wapi?

Mpogoleaji wa Mpunguzi anajibu:

Msivitupe. Changanyeni na samadi, muache vioze kabisa, kisha mrudishe kwenye mashina kabla ya kupogolea tena.