Simu ikishafunguliwa haki za msimamizi, ni programu zipi zinazostahili kuwekwa?

Mgeni_wa_Ruti aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Baada ya kusitasita kwa muda mrefu, wiki iliyopita niliifungua butiloda (programu inayoiwasha simu) ya simu yangu ya Android, ambayo mtengenezaji ameshaacha kuiletea masasisho, kisha nikaweka Magisk, programu ya kutoa ruti. Data zote zilifutika kama nilivyokuwa nimeonywa, lakini simu iliwaka salama na sasa nina ruti, yaani haki za msimamizi. Tatizo langu ni kwamba orodha nyingi ninazozikuta ni za zamani: zinataja SuperSU, Titanium Backup na Greenify, na nyingine zinanitaka niweke programu thelathini kwa mkupuo. Mahitaji yangu ni matatu tu, yaani kutunza nakala za programu pamoja na data zake, kuzuia matangazo na programu zinazotumia intaneti bila sababu, na kuifanya betri idumu zaidi. Naomba aliyezitumia kwa muda mrefu anieleze zipi niziweke na zipi niachane nazo.

Fundi_Taratibu alijibu:

Karibu, mkuu. Hizo tatu zilikuwa na heshima zake, ila wakati wake umepita. Chainfire, aliyeitengeneza SuperSU, iliyokuwa ya kusimamia ruti, alitangaza kuacha kuiendeleza mwaka 2017. Titanium Backup imekaa miaka bila kusasishwa. Na sehemu kubwa ya kazi ya Greenify ilianza kufanywa na Android yenyewe tangu toleo la 6 la mwaka 2015, lilipokuja na Doze, inayozilaza programu simu isipotumika.

Kwa nakala, tumia Neo Backup, ambayo ni ya chanzo huria, au Swift Backup, ambayo ni rahisi zaidi kwa macho ingawa baadhi ya huduma zake hulipiwa. Zote mbili hufanya jambo lisilowezekana bila ruti: huingia katika hifadhi ya ndani ya kila programu, mahali ambapo meneja wa mafaili wa kawaida haruhusiwi hata kuchungulia, zikachukua mipangilio na historia yako yote. Hata hivyo, usidhani kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa. Programu zinazosimba data zao kwa funguo zilizohifadhiwa katika Keystore, hifadhi ya funguo ya simu, haziwezi kurejeshwa kwa njia hii, kwa sababu ufunguo wenyewe haunakiliki. Utalirudisha sanduku bila ufunguo wake. Ndiyo maana programu za ujumbe wa siri na zile za kutoa namba za uthibitisho zinapaswa kuchukuliwa nakala kwa njia iliyomo ndani yake zenyewe. Pia nakala ihamishie nje ya simu, maana nakala iliyobaki ndani ya simu itafutika pamoja na simu.

Kwa matangazo, weka AdAway. Utaratibu wake ni wa kizamani na mwepesi: hujaza majina ya seva za matangazo katika faili la hosts na kuyaelekeza pasipo na kitu, hivyo programu inapoiita seva hiyo haipati jibu. Kabla ya kuiwasha, nenda katika mipangilio ya Magisk uwezeshe moduli (nyongeza ya Magisk) ya hosts isiyogusa mfumo, kwa kuwa katika simu nyingi za sasa sehemu ya mfumo ni ya kusomwa tu na AdAway itashindwa kuandika humo. Usitarajie izuie matangazo ya YouTube, kwa sababu hayo hutoka katika seva zilezile zinazoleta video.

Kuhusu intaneti, AFWall+ ndiyo ngome (kizuizi cha mtandao) ninayoiamini. Huandika kanuni za iptables, za kuchuja mtandao, ndani ya kerneli, kiini cha mfumo, na kumruhusu au kumzuia mtumiaji mmojammoja wa mfumo, kwani katika Android kila programu huhesabiwa kuwa mtumiaji mwenye namba yake. Anza kwa kuzuia zote, kisha uruhusu moja baada ya nyingine. Siku mbili za kwanza zitakuudhi.

Betri nayo ina moduli iitwayo ACC, ambayo hukata chaji ikifika kiwango ulichokiweka, tuseme asilimia 80, na kuirudisha ikishuka. Betri za lithiamu huchakaa upesi zikikaa zimejaa huku zikiwa na joto, kwa hiyo faida yake utaiona baada ya miezi mingi wala si kesho. Jaribu kwanza kama kerneli ya simu yako inakubali kukatiwa chaji, nyingine hukataa.

Asiye_na_Haraka alijibu:

Nakubaliana na mengi ya Fundi_Taratibu, lakini ningeanzia kwingine. Programu uliyoipa ruti inaweza kusoma data za programu nyingine zote, kwa hiyo swali la kwanza liwe kama kazi hiyo inahitaji ruti kweli. Kuondoa programu zilizokuja na simu, kwa mfano, hakuihitaji. Shizuku huzipa programu nyingine uwezo ule ule wa adb (njia ya kuiamrisha simu kutoka kwenye kompyuta), na kuanzia Android 11 huwashwa kwa utatuzi wa pasiwaya bila kompyuta. Ukiiunganisha na Canta utaziondoa programu usizozitaka kwa mtumiaji wako tu, na ukikosea utazirudisha. Anayetumia ruti kuzifuta moja kwa moja katika mfumo hujitafutia simu isiyowaka.

AFWall+ naitetea kwa sababu ambayo haikutajwa. Ngome zisizohitaji ruti hujifanya VPN, na Android huruhusu VPN moja tu kwa wakati mmoja, hivyo mtu hulazimika kuchagua kati ya ngome na VPN yake halisi. Kwa iptables hulazimiki kuchagua.

Mlinzi_wa_Buti alijibu:

Naongeza mambo machache ya usalama. Magisk ipakue katika ukurasa wa GitHub wa topjohnwu, mtengenezaji wake, peke yake, kwani haina tovuti nyingine rasmi na zile zinazojiita hivyo ni za kuigiza. Tunza picha ya buti ya awali (faili la kuiwasha simu kabla ya Magisk) katika kompyuta. Moduli ikiifanya simu izunguke bila kumaliza kuwaka, iwashe katika hali salama ya Android, na Magisk itazizima moduli zote.

Programu za benki zitakusumbua. DenyList ya Magisk huzificha dalili za ruti kwa programu unazozichagua, lakini ngazi ya juu ya Play Integrity, ukaguzi wa Google wa uhalisi wa simu, huuliza chipu ya simu yenyewe, nayo hujibu kwamba butiloda iko wazi. Zipo moduli za kuidanganya kwa funguo zilizovuja, na kila funguo hizo zinapobatilishwa mtu huanza upya kutafuta nyingine. Mimi nilichoka, nikahamishia mambo ya fedha katika simu nyingine isiyoguswa.

Mgeni_wa_Ruti alijibu:

Nashukuru sana, wakuu. Nimeweka Neo Backup, AdAway na AFWall+, na Canta kupitia Shizuku. Nilijaribu kurejesha programu tano: nne zilirudi na kila kitu, na ya tano, ile ya namba za uthibitisho, iligoma kufunguka kama mlivyosema. Bahati nzuri nilikuwa nimeziandika namba zake za akiba. ACC imekataa kukata chaji. Je, nibadilishe kerneli kwa ajili ya hilo tu?

Fundi_Taratibu alijibu:

Hapana. Kwanza jaribu swichi nyingine za chaji zilizomo katika mipangilio yake, moja baada ya nyingine, simu ikiwa imechomekwa. Zote zikikataa, iondoe tu moduli hiyo na uwe unaichomoa simu mwenyewe.