Wakuu msaada: tuchange kwa kuongeza 500 kila wiki au tuanze na mia tuzidishe mara mbili?

DagaaMkavu_Kibirizi:
Habari zenu wakuu. Mi niko Kigoma, nauza dagaa hapa Kibirizi na ndo katibu wa kikundi chetu. Tunataka kuanza mchango mpya wa wiki 20, mwisho kila mtu achukue chake, sasa wazo la kwanza ni wiki ya kwanza utoe 1,000 halafu kila wiki inapanda 500. Mjumbe mmoja kasema hiyo inaumiza, tuanze na mia tu, kila wiki tunazidisha mara mbili, 100, 200, 400, 800 hivo, na wengi wamemshangilia maana mia nani hana. Mwanangu wa kidato cha tatu kasema mama hizo ni AP na GP tumesoma, akaanza kuniandikia mafomula yenye n na r nikaona giza. Nieleweshwe kwa lugha ya kawaida kabla ya kikao cha Jumapili, na mkumbuke huku mbalamwezi ikiwaka dagaa hakuna na hela inakata.

Mgambo wa Ujiji:
Kuzidisha mara mbili 😂😂 huyo mjumbe anawatakia mema kweli?

TichaMiembeni:
Dada usimcheke mjumbe wako, wiki za mwanzo yuko sahihi kabisa na hapo ndo mtego ulipo. Mwanao naye yuko sahihi. AP ni namba zinazoenda kwa kujumlisha kitu kilekile, kwenu ni 500. GP ni namba zinazoenda kwa kuzidisha kwa kitu kilekile, kwenu ni 2. Ukiona namba zozote toa ya kwanza kwenye ya pili, kisha ya pili kwenye ya tatu, majibu yakilingana hiyo ni AP. Yasipolingana jaribu kugawanya, yakilingana ni GP, na kuna nyingine siyo AP wala GP, hizo achana nazo.

Sasa angalia. Wiki ya sita ya mjumbe ni 3,200 na ya wenzake ni 3,500, bado anaonekana mkombozi. Wiki ya saba yake inakuwa 6,400 wakati wenzake wako 4,000. Ya kumi ni 51,200. Wiki ya 20 umezidisha kwa mbili mara 19 (siyo 20, hapo wanafunzi wengi wanapoteza maksi, wiki ya kwanza hujazidisha kitu), inakuja 52,428,800. Milioni hamsini na mbili kwa mtu mmoja, wiki moja.

DagaaMkavu_Kibirizi:
Mungu wangu. Nimerudia na kalkuleta ya simu, ni kweli. Na ile ya 500 jumla yake itakuwa ngapi, nakaa najumlisha moja moja zote 20?

TichaMiembeni:
Hapana. Wiki ya mwisho ni 1,000 jumlisha 500 mara 19, yaani 10,500. Chukua ya kwanza na ya mwisho, 11,500. Chukua ya pili na ya pili kutoka mwisho, 1,500 na 10,000, tena 11,500. Kila jozi hivohivo mpaka mnakutana katikati, jozi 10, jumla 115,000. Fomula ya mwanao ni hiyohiyo ila imevaa suti. Kuna hadithi Mjerumani Gauss, aliyezaliwa 1777, akiwa mtoto alijumlisha 1 mpaka 100 kwa njia hii akapata 5,050 wenzake bado wanahangaika.

Ya kuzidisha haina jozi. Pale kwa kuwa ni mara mbili kuna njia fupi, chukua mchango wa wiki ambayo ingefuata utoe ule wa kwanza: 104,857,600 toa 100, ni 104,857,500.

Kaliua_Boy:
Ticha umesahau riba, hapo ndo watu wanaumia kila siku. Mkopo wa 200,000 riba asilimia 10 kwa mwezi, ikihesabiwa kwenye mtaji tu ni 20,000 kila mwezi, AP hiyo, mwaka ukiisha bila kulipa chochote unadaiwa 440,000. Riba ikizaa riba ni GP, unazidisha kwa 1.1 mara 12, unadaiwa karibu 627,700. Katibu kabla hujasaini popote uliza ni ipi kati ya hizo.

Mgambo wa Ujiji:
Na tukianza na laki halafu kila wiki nusu yake? 100,000, 50,000, 25,000...

TichaMiembeni:
Nayo ni GP, uwiano wake nusu. Hata mkichanga mpaka kiama jumla haifiki 200,000, inaisogelea tu. Swali zuri ila mnyonge gani atatoa laki wiki ya kwanza.

Bi Mawese:
Mimi naongea kama mtu wa kikundi, hesabu nawaachia. Hata 10,500 kwa wiki ni nzito ikikutana na mbalamwezi. Ongezeni 200 badala ya 500, wiki ya mwisho inakuwa 4,800 na mtu anatoka na 58,000. Ndogo, lakini hakuna atakayekimbia kikundi.

DagaaMkavu_Kibirizi:
Bi Mawese nakushukuru sana, hiyo ya 200 naipeleka Jumapili. Ila mjumbe nimempigia, kaelewa nusu, anasema basi tuanze na mia ileile tuzidishe kwa moja na nusu, eti hiyo ni ndogo.

TichaMiembeni:
Mwambie wiki ya 20 itakuwa kama 221,684. Na wiki ya nne tu mchango ni 337 na senti 50, hiyo senti hamsini aanze kuitafuta leo.