Nimeacha kazi kiwandani, mwajiri anakataa kunilipa likizo ambazo sikwenda. Nianzie wapi?

Mtunza Stoo

Wakuu, habari za majukumu. Nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja cha kukamua mafuta ya alizeti hapa Dodoma kwa miaka mitatu na ushee. Niliajiriwa tarehe 1 Machi, kwa siku sita za kazi kwa wiki, na mshahara wangu wa msingi ulikuwa umefikia shilingi 520,000 kwa mwezi. Mwishoni mwa Julai mwaka huu niliacha kazi kwa barua, baada ya kutoa notisi ya mwezi mmoja na kukabidhi stoo kwa maandishi.

Likizo ya mwaka wa kwanza nilikwenda. Ya mwaka wa pili na ya mwaka wa tatu sikwenda, kwa sababu kila nilipoomba niliambiwa nisubiri msimu upite, na msimu wa alizeti ukipita huanza msimu wa wateja wa mashudu. Ninazo nakala za barua mbili za maombi. Ile ya mwezi Januari mwaka huu meneja aliiandikia pembeni kwa kalamu, "Isubiri, stoo haina mtu," akaweka sahihi na tarehe.

Siku ya kuondoka nililipwa mshahara wa Julai peke yake, nikaletewa karatasi ya kusaini kwamba sina madai yoyote, nikakataa. Mhasibu anasema aliyeacha kazi mwenyewe hana malipo ya likizo, na mkurugenzi anasema nirudi mwezi wa kumi tuongee. Kwa sasa nimehamia Manyoni. Naomba kujua kama nina haki, ni kiasi gani, na nidai wapi.

Afisa Utumishi Mstaafu

Ndugu Mtunza Stoo, mhasibu wako amechanganya likizo na kiinua mgongo. Kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika hulipwa pale mwajiri anapomwachisha mtu kazi, kwa hiyo wewe uliyeacha kwa hiari yako usikitegemee. Malipo ya likizo ni suala jingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, katika kifungu cha 44 cha toleo la 2019, inamtaka mwajiri alipe ajira inapokoma likizo iliyostahili ambayo haikuchukuliwa, pamoja na sehemu ya likizo iliyokusanyika katika mzunguko ambao haujakamilika. Haisemi kwamba aliyeandika barua ya kuacha kazi ametengwa.

Sasa tuhesabu. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12, na sehemu iliyokusanyika hukokotolewa kwa siku moja ya mshahara wa msingi kwa kila siku 13 ulizofanya kazi. Namba 13 haikuokotwa barabarani: anayefanya kazi siku sita kwa wiki ana siku za kazi 312 kwa mwaka, ukigawa kwa 13 unapata 24, na siku 24 za kazi ndizo zilizomo ndani ya wiki nne. Mshahara wako ukigawanywa kwa siku 26 za mwezi unakupa shilingi 20,000 kwa siku. Kuanzia Machi hadi Julai umefanya kazi takriban siku 130, yaani siku 10 za likizo, shilingi 200,000. Mzunguko kamili ni siku 24, shilingi 480,000. Wengi hudai mshahara mzima wa mwezi kwa kila mzunguko, lakini mimi ningeandika hesabu ambayo naweza kuitetea mstari kwa mstari.

Penye ubishi ni miaka ya nyuma. Mwajiri anatakiwa kukupangia likizo ndani ya miezi 6 baada ya mzunguko kwisha, au ndani ya miezi 12 kama mfanyakazi amekubali na mahitaji ya kazi yanaeleweka. Kifungu cha 31 kina kijifungu kinachosema kwamba likizo isiyochukuliwa ndani ya muda huo hailipwi ajira inapokoma, na mawakili wa waajiri wanakipenda mno. Mzunguko wako wa tatu uliisha Februari mwaka huu na umeondoka Julai, kabla miezi 6 haijatimia, kwa hiyo huo uko salama. Wa pili uliisha Februari mwaka jana, na hapo ndipo utakapobanwa. Ukiweza kuonyesha kwamba wewe uliomba na mwajiri ndiye aliyekuzuia, unakuwa na hoja, kwa maana si haki mtu afaidike na katazo lake mwenyewe. Je, barua yako ya kwanza ni ya lini, na ilipokelewa kwa sahihi?

Mama Ipagala

Kaka, mimi sitagusa vifungu, ila huo "mwezi wa kumi tuongee" ndio unaonitia shaka. Madai ya aina hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Ukihesabu kutoka tarehe 31 Julai, siku ya sitini ni tarehe 29 Septemba. Ukirudi Oktoba utapokelewa kwa chai, kisha utaambiwa umechelewa, na itakubidi uanze kwa kuomba kusamehewa ucheleweshaji na kueleza sababu za maana, jambo ambalo mwajiri ana haki ya kulipinga.

Kuhamia Manyoni hakubadilishi ofisi. Shauri hufunguliwa mahali mgogoro ulipotokea, kwa hiyo ni ofisi ya Tume ya Dodoma. Utajaza fomu namba 1, utampelekea mwajiri nakala na kuhakikisha anasaini au kugonga mhuri kwamba ameipokea, kisha utaiwasilisha Tume pamoja na uthibitisho huo. Kufungua shauri hakuna ada, na wakili si lazima.

Mtunza Stoo

Nawashukuru sana. Barua ya kwanza ni ya Novemba mwaka juzi, mzunguko wa pili ukiwa bado unaendelea, na ilipokelewa na katibu muhtasi kwa sahihi. Hofu yangu ni kwamba nikienda Tume mkurugenzi atakasirika na kuninyima cheti cha utumishi, nami nakihitaji kwa maombi ya kazi.

Afisa Utumishi Mstaafu

Cheti cha utumishi ni haki yako ajira inapokoma, si zawadi ya mwenye tabasamu. Kiandike katika fomu hiyo hiyo pamoja na madai ya likizo. Barua ya Novemba ni nzuri sana. Ambatanisha zote mbili, mkataba, hati za mshahara na karatasi ya makabidhiano. Kama hukupewa mkataba wa maandishi, usitishike, kwa sababu mwajiri akishindwa kuutoa, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira humwangukia yeye.

Hatua ya kwanza huko ni usuluhishi, ambao sheria imeupa siku 30, na mashauri mengi ya likizo yangeweza kuishia hapo kama watu wangekuja na hesabu zao. Mwajiri asipotokea, msuluhishi anaweza kuamua dai. Wewe usipotokea, linaweza kutupwa, basi panga nauli yako ya kutoka Manyoni mapema. Mkielewana, hakikisha makubaliano yanaandikwa mbele ya msuluhishi, yakitaja kiasi na tarehe ya malipo, kwa sababu makubaliano hayo hukazwa kama amri ya mahakama.

Mama Ipagala

Na mkurugenzi akikupigia kutaka muongee, muongee, hakuna anayekukataza. Lakini fomu iwe tayari imepokelewa kabla ya tarehe 29, na chochote atakachoahidi mwombe akiandike.