Naomba ushauri, nyungunyungu wa chambo nawapata wapi kiangazi hiki?
Wadau habari zenu, navua kwa ndoano huku Dunga, Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, natafuta samaki aina ya kamongo na mumi (kambare) na hao wanapenda nyungunyungu sana. Mvua ikinyesha unachimba tu chini ya migomba ama kando ya boma la ng'ombe mkebe unajaa, lakini saa hii jua limekausha udongo na wameshuka chini kabisa, jembe haifiki. Kwa mafunjo sichimbi, viboko ni hatari jameni. Sasa nauliza, nikimwagia lundo la samadi maji, liwe kivulini, nifunike na gunia, watapanda juu? Na mkebeni mnawawekea nini wasife na joto? Ama niache nitafute fulu, wale samaki wadogo, niwatumie kama chambo nivulie mbuta (sangara)?