Tupeane uzoefu: homuweki ya pembe na pande iliyowahi kukutoa jasho (wa Kusini karibuni)

Mama wa Chuno
Wakuu, habari za jioni. Binti yangu wa kidato cha pili kaja na swali, baba yake kajifanya yuko bize na mpira. Pembetatu ABC, upande AB ni sawa na AC. Mstari BC umerefushwa hadi D. Pembe ACD ni nyuzi 118. Tafuta pembe A. Nimeliangalia nikamkumbuka mwalimu wetu wa hesabu kule Nachingwea: anachora pembetatu ubaoni bila rula na inanyooka, halafu anageuka kuangalia nani kainamisha kichwa. Mlioyapitia haya, mwageni. Na jibu pia, msije mkasema sikuomba.

Mwana wa Mikindani
59. Pembe ya nje ni jumla ya zile mbili za ndani zilizo mbali nayo. 118 gawa kwa 2. Kazi imekwisha.

Kipimapembe
Nani kakwambia hizo mbili zinalingana? Zinazolingana ni B na C, ndizo zinazotazamana na pande zilizo sawa. C ni 180 toa 118, unapata 62. B nayo 62. A ni 56.

Mwana wa Mikindani
Kwenye mchoro wangu A na B ziko sawa.

Kipimapembe
Mchoro si umeuchora wewe, mkuu?

Mkorosho Mkavu
Dada umenikumbusha mbali. Tandahimba, msimu wa korosho. Homuweki tunafanyia shambani, daftari gotini, mikono inanata maji ya mabibo. Darasa zima tulimtegemea jamaa mmoja, ndiye pekee mwenye mkebe uliotimia, bikari na kipimapembe vyote vimo. Siku hiyo bibo likamdondokea kwenye swali. Pembetatu ina pembe mraba, nyingine nyuzi 35, tafuta ya tatu. Ile 35 ikabaki 3 na doa. Jamaa akakisia 38, sote tukapeleka 52 badala ya 55. Mwalimu akasahihisha daftari la kwanza, la pili, la tatu, akaacha. Akaingia na fimbo ya mpera, akauliza kwa upole kabisa: "Mwenye daftari lenye doa ni nani?"

Pwani Lindi
Hahaha, huo upole ndio hatari.

Binti wa Newala
Hayo madogo. Mzee wangu alikuwa fundi seremala, kenchi nyingi za mtaani kwetu kapiga yeye. Mdogo wangu kaja na swali: pembetatu ina pande za sm 3, sm 4 na sm 8, tafuta mzingo. Mzee akasema hamna pembetatu ya hivyo. Mdogo analia, mwalimu anataka 15! Mzee akatoka nje, akarudi na fito tatu kazikata kwa futi: 3, 4 na 8. Ile ya 8 kailaza chini, zile mbili kaziweka huku na huku. Kila akizilaza hazikutani. 3 na 4 ni 7, zitaifikiaje 8?

Asubuhi kazibeba begani hadi shuleni, mimi nyuma yake natamani ardhi ipasuke. Wimbo wa taifa ukamkuta getini. Akasimama wima na fito zake kama askari wa gwaride. Ulipoisha tu, akamwita mwalimu, akazitandaza mchangani: "Mwalimu, zikutanishe." Mwalimu kahangaika mbele ya shule nzima. Mwisho akasema, "Mzee, swali linataka mzingo tu." Mzee akamjibu, "Mzingo wa nini?"

Mkorosho Mkavu
MZINGO WA NINI! Nimecheka hadi nimemwamsha mtoto.

Mwana wa Mikindani
Mwalimu alikuwa sahihi. Kaulizwa mzingo, jumlisha, andika 15, songa mbele. Mtihani hausubiri fito.

Mstaafu wa Chaki
Wanangu, kumwaibisha mwalimu mbele ya watoto si adabu, angemfuata ofisini. Ila fundi hakukosea. Pande mbili zozote ukizijumlisha lazima zizidi ule wa tatu, vinginevyo huna pembetatu.

Fundi Msingi
Shikamoo mstaafu. Mimi niliishia la saba, ila pembetatu nazipiga kila siku. Ukitandika kamba za msingi, pima futi 3 upande huu, 4 ule, kisha pima kutoka alama hadi alama. Ikisoma 5, kona iko mraba. Nyumba kubwa piga 6, 8, 10. Mwanangu ananiambia ndiyo Pythagoras huyo.

Pwani Lindi
Sisi tulipewa ngazi ya mita 10 imeegemea mnazi, kitako chake kiko mita 6 kutoka shinani. Imefika juu mita ngapi? Jibu 8. Mwenzetu mmoja, babu yake mkwezi, akakataa kuandika: "Mnazi haupandwi kwa ngazi." Akapata sifuri na heshima.

Mstaafu wa Chaki
Huyo ningempa fimbo ya mita 1 aisimike juani. Kivuli chake sm 80, cha mnazi mita 12, basi mnazi ni mita 15. Hapandi mtu.

Pwani Lindi
Na mawingu je, mwalimu?

Lala Mapema
Dada, mwambie binti aandike "imetolewa" kila mstari na aende kulala.

Kipimapembe
Usimdanganye mtoto. Aandike sababu, alama ziko kwenye sababu.

Mkorosho Mkavu
Binti wa Newala, zile fito mzee aliziacha shuleni?

Binti wa Newala
Thubutu! Alirudi nazo.

Mama wa Chuno
Ahsanteni, tumeandika 56. Baba yake katoka kwenye mpira anasema yeye alijua toka mwanzo ni 59. Sasa kuna swali la duara: AB ni kipenyo, C iko kwenye mzingo, pembe CAB nyuzi 27. Tafuta CBA. Mko macho?

Kipimapembe
63. Pembe iliyo ndani ya nusu duara ni 90.

Mwana wa Mikindani
Subiri kwanza nichore.