Mjadala: Je, tuwasomee watoto kisa cha Pinocchio bila kuruka kitu?

Mpenda Vitabu: Ndugu zangu, wengi wetu tunamjua Pinocchio, kikaragosi cha mti, kwa filamu ya mwaka 1940 na kwa pua yake inayorefuka, lakini kitabu cha Carlo Collodi, kilichotoka Italia mwaka 1883, kina mambo mazito. Nyenje anayetoa nasaha anauawa kwa nyundo, miguu ya kikaragosi inateketea akiwa usingizini, na mwishoni ananyongwa mtini. Naona tuwasomee watoto yote, kwani mzazi anayeruka kurasa anamdanganya mwanawe.

Mama wa Wawili: Neno hilo la kudanganya limenichoma. Mwanangu ana miaka sita. Tulipofika pale kikaragosi anapomwita baba yake huku pumzi zikimwishia, nilifunga kitabu, na siku ya pili tukaanzia mbele. Kumkinga mtoto si kumdanganya.

Mwana wa Shamba: Watoto wa leo mmewadekeza. Sisi tulisimuliwa habari za zimwi linalomeza kijiji kizima, na tukalala.

Mwalimu Mstaafu: Kwanza tusahihishe: hanyongwi mwishoni mwa kitabu. Hadithi ilianza kutoka kwa sehemu katika gazeti la watoto mwaka 1881, na Collodi aliikatisha pale mtini. Wasomaji wakataka iendelee, naye akairudia mwaka uliofuata. Mimi kinachonitisha si mti, ni njaa. Geppetto, mzee aliyemchonga Pinocchio na kumfanya mwanawe, anauza koti lake wakati wa baridi ili mtoto apate kitabu cha alfabeti, na peari tatu zilizokuwa kifungua kinywa chake anampa yeye. Mtoto anadai zimenywe kwanza, kisha, tumbo lisipotulia, anakula maganda, na baada ya maganda anatafuna hata mioyo yenye mbegu.

Mpenda Vitabu: Mwalimu, hayo yote si adhabu ya uvivu? Rafiki yake Lucignolo alikimbia shule, akageuka punda, akafia zizini.

Mwalimu Mstaafu: Mwandishi anahubiri habari za uvivu, lakini anayotuonyesha ni ya ufukara. Pinocchio anaibiwa dhahabu yake, anakwenda kushtaki, na hakimu anamfunga yeye aliyeibiwa. Kwa mkulima yule yule ambaye zizini mwake alifia Lucignolo, Pinocchio anapata bilauri moja ya maziwa kwa kuteka ndoo 100 za maji. Huyo ni mvivu gani?

Mama wa Wawili: Shikamoo, Mwalimu. Kwako, Mwana wa Shamba: bibi aliyetusimulia habari za zimwi alikuwa akitutazama usoni, na akiona mdogo wetu amejikunyata, zimwi lilichukuliwa na mto kabla halijafika mlangoni. Naye aliruka, wala hatukumwita mwongo. Jana usiku nilimsomea mwanangu ule ukurasa wa peari, neno kwa neno. Aliniuliza Geppetto mwenyewe alikula nini asubuhi hiyo. Nikarudi nyuma kutafuta, na hakuna palipoandikwa.